Kamshafti mpya, tapeti mpya

Ukibadilisha kamshafti iliyolika (shafti yenye nundu zinazofungua valvu za injini) kwenye gari la spoti la zamani kama MGB, usirudishe tapeti za zamani, yaani vipande vinavyokaa juu ya nundu hizo na kusukumwa nazo, hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Kila tapeti imeshalika kufuata nundu yake. Ukiikutanisha na nundu mpya itaitafuna upesi, na kazi yote utairudia. Najua bei inauma, lakini hapa si pa kubana.

Wakati wa kufunga, paka nundu na nyuso za tapeti mafuta mazito ya kufungia injini, yenye molibdenamu. Oili ya kawaida hutiririka ikaacha pakavu.

Hatari kubwa iko dakika za kwanza. Weka sawa taimingi ya cheche, petroli na maji ili injini iwake bila kusumbua stata. Ikiwaka tu, ipandishe hadi mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uipandishe na kuishusha humo humo kwa dakika 20 hivi. Usiiache ingurume taratibu: nundu hurushiwa oili na krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na mwendo ukiwa mdogo haizifikii vya kutosha. Oili yenyewe iwe na zinki ya kutosha, inayokinga nundu na tapeti zisilike. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki. Baada ya dakika hizo, mwaga oili hiyo uweke mpya, na filta pia uibadilishe.