Kabla hujala barabarani ugenini: maneno machache kwa msafiri wa Tanga

Mtu aliyekulia Ngamiani haogopi kula nje. Mihogo, mishkaki, kachori za jioni, kahawa ya barazani na kashata yake, vyote tumbo lilishavizoea tangu utotoni. Ndiyo maana Mtanga akifika Mumbai kumsindikiza mgonjwa, au Guangzhou kufuata mzigo, hujiona mwenyeji wa kila kibanda. Vijidudu vya huko tumbo lake haliwajui. Simkatazi mtu kula, maana kukaa wiki nzima kwa biskuti na tambi za chumbani ni adhabu. Ila yapo ya kutayarisha mapema.

Anzia duka la dawa hapa hapa mjini. Chukua pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini ukiharisha, kila moja ya kukorogwa kwenye lita moja ya maji safi. Zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwenye lita hiyo hiyo vitakusogeza. Dawa za kufunga tumbo zina mahali pake, lakini ukiona damu chooni au homa imepanda, usizimeze; nenda hospitali. Chanjo ya homa ya matumbo ya sindano ichomwe wiki mbili au zaidi kabla ya safari, na ukiwa kwa daktari muulize pia kuhusu homa ya ini aina ya A. Wengi hukumbuka haya begi likiwa limeshafungwa.

Sasa kibanda chenyewe. Wengi wetu tunaangalia usafi wa meza na kabati la vioo. Mimi naangalia moto na foleni. Chakula kilichotoka jikoni sasa hivi, kinafuka moshi, kwenye kibanda chenye watu wengi, kina usalama kuliko sambusa nzuri iliyolala kabatini tangu asubuhi. Vijidudu huzaliana kwa raha chakula kikiwa kati ya nyuzi joto 5 na 60, na hiyo ndiyo hali ya sinia lililokaa mezani. Wali ndio unaodanganya zaidi. Ukikaa nje kwa saa nyingi, baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo hata ukiupasha tena haiondoki.

Chukua mfano wa Mumbai. Kuna vada pav: viazi vilivyopondwa, vikavikwa unga wa dengu, vikatumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka, kisha vikabanwa ndani ya mkate mdogo pamoja na chatini. Ni kachori yetu ndani ya mkate, na ikitoka kwenye karai mbele ya macho yako, kula. Hatua chache pembeni utakuta pani puri. Muuzaji anatoboa kijipuri kikavu chenye uwazi ndani kwa kidole gumba, anatia viazi, anakichovya kwenye ndoo ya maji ya ukwaju na nanaa, anakupa mkononi, halafu anarudi kwenye ndoo ile ile kwa mteja mwingine. Utamu wake siukatai. Lakini yale maji hayajapita motoni, na mkono umeingia humo tangu alipofungua biashara. Ukiwa huna uhakika maji yametoka wapi, pita zako. Barafu nayo ni maji, na kuganda hakuui vijidudu.

Kwa samaki tunajiamini kupita kiasi kwa sababu tumezoea kuangalia jicho na shavu. Kibandani samaki ameshakatwa na kupakwa viungo, huna cha kukagua. Jodari na vibua waliokaa bila barafu hutengeneza sumu isiyokufa kwa kukaangwa. Mtu huwashwa, uso ukawa mwekundu, kichwa kikauma. Istanbul wanauza kome waliojazwa wali, sinia zima barabarani, unakamuliwa limau juu yake. Limau huongeza ladha tu, haliui vijidudu. Mimi pale ningenunua simit, mkate wa ufuta, na chai. Jiandae: chai yao haina maziwa.

China inataka matayarisho mengine. Kwa anayetafuta halali, hifadhi kwenye simu picha ya maandishi 清真, ambayo huwekwa kwenye migahawa ya Waislamu, ikiwemo mingi ya tambi za Lanzhou zinazovutwa kwa mkono. Kuuliza kama kuna nguruwe hakutoshi, kwa sababu mboga za majani zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake. Mwenye mzio wa karanga aandikiwe kadi kwa Kichina, maana mafuta ya karanga hupikiwa sana Guangzhou. Malipo mengi ni kwa simu, na tangu 2023 kadi za benki za kigeni zinaungwa kwenye Alipay na WeChat. Fanya hivyo ukiwa bado Tanga, laini yako ikiwa inapokea ujumbe wa uthibitisho. Ukiona watu wanasuuza bakuli kwa chai ya moto kabla ya kula, ndivyo wafanyavyo Guangzhou, nawe suuza.

Muscat kuna ndugu, kuna mishkaki ya barabarani na chai ya karak, yaani ya maziwa iliyokolezwa, na pengine utaagiza kwa Kiswahili. La kukumbuka ni Ramadhani tu: kula hadharani mchana kunakatazwa na sheria, hata kama wewe hufungi.

Mwenye kisukari ajue kwamba chai ya vibanda vya India huchemshwa na sukari ndani. Aombe ya "bina cheeni", yaani bila sukari, na wakisema haipo aache. Mgonjwa anayesubiri upasuaji asijaribu chochote cha nje bila ruhusa ya hospitali, hata msindikizaji akimletea kwa huruma.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi, kula kile ambacho tumbo limeshakikubali. Baada ya ndege bado kuna kilomita kama 350 za basi kutoka Dar hadi nyumbani, na dereva ana vituo vyake.