Dengi ikiingia mtaani: cha kufanya

Wale wa Dar mnakumbuka 2014 na 2019, mtu anaungua homa, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vimepigwa rungu, anapima malaria hamna kitu. Hiyo inaweza kuwa dengi, homa ya virusi inayoletwa na mbu.

Sasa mbu wake ni Aedes, mweusi ana madoa meupe miguuni, na anang'ata mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi (ila mtoto anayelala mchana mfunike, na mgonjwa pia maana mbu akimng'ata yeye anakuletea wewe). Vaa mikono mirefu, paka dawa ya mbu.

Kazi kubwa iko uani. Huyu mbu hataki mtaro mchafu, anapenda maji yaliyotulia, pipa lisilofunikwa, tairi, kifuu cha nazi, kisahani chini ya ua. Kila wiki mwaga halafu SUGUA kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai yanagandia pale juu ya maji na yanakaa makavu miezi, ukijaza tena yanaanguliwa.

Ukiugua: kapime, kunywa maji na madafu, homa tuliza na panado tu. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni acha kabisa, zinaweza kukufanya utokwe damu. Na homa ikishuka usishangilie haraka, tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, hospitali saa hiyohiyo.