Akaunti ya gemu imefungiwa na hujaambiwa kosa? Anzia hapa

Najua inavyouma. Yangu ilifungiwa usiku, nimetoka mechi moja nataka kuingia nyingine nakuta maandishi mekundu mstari mmoja, "umekiuka masharti", masharti yapi hawasemi, na skini zangu (mapambo ya wahusika na silaha ndani ya gemu) za miaka minne zote zimo humo. Kwa hasira nikatuma tiketi tano (maombi ya msaada kwa kampuni ya gemu) usiku ule ule, zote zikajibiwa na roboti, jibu lile lile. Msifanye hivyo jamani.

Kwanza piga skrinshoti ya huo ujumbe, saa ionekane. Halafu tafuta risiti za manunuzi kwenye barua pepe, hasa ya kwanza kabisa, maana ndo inaonyesha akaunti ni yako. Angalia pia kama kuna kifaa usichokijua kimeingia, na kama kipo badilisha nenosiri la barua pepe kabla ya la gemu, aliyeshika barua pepe ameshika kila kitu.

Kisha jikague kwa ukweli, ulipokuwa unacheza ulikuwa umewasha nini kingine? Makro za mausi, yaani kitufe kimoja kinachokubonyezea mfululizo wa vitufe? Draiva mpya, yaani programu inayoendesha kifaa kama kadi ya picha? Oktoba 2023 wachezaji wa Counter-Strike 2 walifungiwa kisa tu wamewasha Anti-Lag+ ya AMD, kipengele cha kupunguza ucheleweshaji kutoka kwa watengenezaji wa kadi za picha, yaani kitu kilichokuja na draiva ya kadi yao wenyewe, mpaka AMD wakaiondoa. Na 2010 Valve, kampuni yenye duka la magemu la Steam, walifungia kimakosa watu kama 12,000 wa gemu la Modern Warfare 2, wakaja kuwafungulia. Kwa hiyo mtu asikwambie "lazima kuna kitu ulifanya", mashine zinakosea.

Sasa rufaa. Moja tu, fupi, bila matusi. Weka ID ya akaunti, tarehe, programu ulizokuwa umewasha, halafu uliza umevunja kanuni ipi na aliyeamua ni mtu au mashine. Mimi niliandika "naomba binadamu aangalie mechi yangu ya saa 4:20 usiku" na hiyo ndo ilijibiwa na mtu. Ukiwa Umoja wa Ulaya dai na data zako, sheria yao ya ulinzi wa data, GDPR, kifungu cha 15 kinakupa hiyo haki.

Usikimbilie benki kudai hela irudi wakati rufaa inaendelea, hilo peke yake linaweza kukufungisha akaunti. Akaunti mpya pia hapana, watasema unakwepa adhabu. Na anayekufuata inbox eti ana mtu wake wa ndani, umtumie hela akufungulie, huyo ni mwizi.

Wakikaa kimya wiki mbili, andika tena kwenye tiketi ile ile.