Ukienda kuhani matanga ya Kiyahudi

Nilimtunza bibi mmoja wa Kiyahudi huko Chicago kwa miaka minne, hadi alipofariki akiwa na miaka 96. Alinifundisha kusuka mkate wa Ijumaa. Wa kwanza niliuunguza, akaula hivyo hivyo. Nilidhani naijua nyumba ile, kumbe matangani nilikuwa mgeni.

Jiandae mapema, maana wao huzika haraka, kwa jeneza la mbao tupu. Kaburini, mara ya kwanza tupa udongo kwa mgongo wa sepetu, ionekane kazi hii huna hamu nayo. Ukimaliza likite kwenye udongo, usimpe mwenzako mkononi. Nawa mikono kabla ya kuingia nyumbani.

Matanga yao huitwa shiva, yaani saba (neno hilo na saba yetu ya Kiarabu ni ndugu), na siku huanza kuhesabiwa baada ya maziko. Usibishe hodi, mlango huachwa bila kufungwa. Mimi nilibisha mara tatu! Utakuta vioo vimefunikwa na wafiwa wamekalia viti vifupi. Keti kimya mpaka mfiwa aseme kwanza. Maua yaache dukani. Peleka chakula, lakini uliza kama jikoni kwao wanafuata sheria za kosha, yaani sheria za Kiyahudi za chakula. Sambusa zangu za nyama zilibaki garini.

Ukishasemeshwa, simulia habari za marehemu. Nilipoeleza alivyokuwa akiniibia karata huku akiniita mwizi, binti yake alicheka mpaka akalia, akanisogezea kiti.