Kengele ya joto kwa sanduku la samaki: kuanzia waya hadi programu

Sangara wa visiwani hufika Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, akiwa kwenye barafu, na barafu ikiyeyuka njiani hakuna anayejua mpaka kifuniko kifunguliwe. Tutengeneze kifaa kitakacholia joto la sanduku likipita nyuzi 4 za Selsiasi. Ni kidogo, lakini kinakulazimisha kuwaza waya na programu kwa pamoja, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Hatua ya 1: Andika kazi yake. Kinapima nini, kinaamua nini, kinapata umeme wapi, nani atakisikia? Jibu kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya 2: Vifaa. Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu), sensa ya joto ya DS18B20 ya bomba la chuma lisiloingiza maji, baza (kipaza mlio) ya volti 5, transista ya 2N2222 (swichi ya umeme), bredibodi (ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu), na rezista mbili: ya kilo-omu 4.7 na ya kilo-omu 1.

Hatua ya 3: Sensa peke yake. Waya wa umeme uende 5V, wa hasi uende GND (upande hasi wa bodi), wa data pini ya 2. Rezista ya 4.7 ikae kati ya data na 5V. Ndiyo inayoivuta laini ya data juu sensa inapoiachia. Rangi za waya hutofautiana, kwa hiyo fuata maelezo ya muuzaji. Pakua maktaba za OneWire na DallasTemperature (programu zilizoandikwa tayari za kusoma sensa hii) na upakie mfano wao kwenye Uno. Kisha ponda barafu kikombeni, tia maji kidogo ya baridi, koroga, tumbukiza sensa. Isome karibu na 0, ikipishana kwa nusu nyuzi hivi. Usiguse baza kabla hujaliona hilo.

Hatua ya 4: Baza. Pini ya Uno isibebeshwe zaidi ya miliampia 20, na baza nyingi hutaka zaidi. Ndiyo maana tunaweka transista: ina miguu mitatu, besi, emita na kolekta. Pini ya 8 inapitia rezista ya kilo-omu 1 kwenda kwenye besi, emita inakwenda GND, baza inakaa kati ya 5V na kolekta. Ijaribu kwa programu fupi ya kuwasha na kuzima.

Hatua ya 5: Programu. Anza na ule mfano wa Hatua ya 3, badilisha jina `sensors` liwe `sensa` kila lilipo, kisha tangaza `bool kengele = false;` juu kabisa. Ndani ya `setup` ongeza `pinMode(8, OUTPUT);`. Ndani ya `loop`, sehemu inayorudiwa bila kukoma, weka:

```
sensa.requestTemperatures();
float joto = sensa.getTempCByIndex(0);
if (joto == DEVICE_DISCONNECTED_C) kengele = true;
else if (joto > 4.0) kengele = true;
else if (joto < 3.0) kengele = false;
digitalWrite(8, kengele ? HIGH : LOW);
```

Tazama sharti la kwanza. Waya wa sensa ukikatika, maktaba hurudisha -127. Programu inayouliza tu "je, imezidi 4?" itaona baridi kali na kunyamaza huku samaki wanaoza. Kwangu mimi hili ndilo somo zima: programu lazima ijue namna waya unavyoweza kufa. Kuwasha kwa 4 na kuzima kwa 3 kunazuia baza isilie na kukatika kila joto linapochezea mpaka.

Hatua ya 6: Iende majini. Sensa pekee ndiyo iingie kwenye sanduku. Bodi ibaki nje, kwenye kasha lililozibwa, kwa sababu unyevu hula miguu ya chuma. Lehemu viungo vyote, maana bredibodi haihimili mtikisiko wa mtumbwi. Umeme utatoka kwenye betri ya mtumbwi. Betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda kupita 14, kwa hiyo weka kishusha volti cha kutoa 5 kamili, na fyuzi karibu na betri. Halafu chomoa sensa makusudi, injini ikinguruma, usikilize kama baza inasikika kutoka nyuma anapokaa nahodha. Isiposikika, tafuta kubwa zaidi, nayo uipimie mkondo wake upya kabla ya kuifunga kwenye transista ileile.