Kusoma ustaarabu wa Ugiriki na Roma ya kale ukiwa Lindi au Mtwara

Somo hili halimo kwenye mitihani yetu ya taifa, kwa hiyo huku kusini huingia shuleni kupitia klabu ya historia au bidii ya mwanafunzi mwenyewe. Kigiriki na Kilatini si lazima. Hata Uingereza, ambako ni somo kamili la sekondari, hulisoma kwa tafsiri. Kinachotakiwa ni mazoea ya kuyaweka maandishi na kitu halisi pamoja, jengo, sarafu au kigae, ili kimoja kikihoji kingine. Kwa zoezi hilo Lindi wamejaliwa: Kilwa Kisiwani iko mkoani kwao.

Anza na vipindi viwili tu kwa muhula. Athens, tangu Cleisthenes alipoanzisha mageuzi ya kidemokrasia mwaka 508 KK hadi iliposhindwa na Sparta mwaka 404 KK. Na Roma, tangu kuuawa kwa Julius Caesar mwaka 44 KK hadi kifo cha Augustus, mfalme wa kwanza wa dola ya Roma, mwaka 14 BK. Chora mstari wa miaka kwenye karatasi za manila, milimita 2 kwa kila mwaka. Kutoka 510 KK hadi 80 BK utahitaji karibu sentimita 118, kwa hiyo unganisha karatasi mbili. Hapa wengi hukosea hesabu kwa sababu hakuna mwaka sifuri: Augustus alitawala kuanzia 27 KK hadi 14 BK, yaani 27 + 14 − 1, miaka 40.

Matini yenyewe yapo bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts, pamoja na tafsiri za Kiingereza. Chapisha ukurasa mmoja, usome mara tatu ukiwa na kalamu mkononi. Kwa Roma tunapendekeza maelezo ya Augustus kuhusu matendo yake, yaliyochongwa pia kwenye ukuta wa hekalu huko Ankara. Anaanza kwa kusema kwamba akiwa na miaka 19 aliunda jeshi kwa uamuzi na gharama zake mwenyewe, akaikomboa jamhuri. Sasa tafuta majina ya maadui zake, Antony, Brutus na Cassius. Hutayaona popote. Mwanafunzi akishagundua hilo mwenyewe, ameanza kulisoma somo.

Halafu nendeni Kilwa. Kibali hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kupanda chombo. Ondokeni asubuhi, jua halijawa kali, na muwaulize manahodha maji yanakupwa saa ngapi. Gaweni vikundi vya watu wanne, kila kimoja na tepu ya kupimia, daftari na penseli. Msipime kila kitu, hamtamaliza. Pimeni unene wa kuta na nafasi kati ya nguzo kwenye Msikiti Mkuu, sehemu ya kaskazini kwanza, kisha ile ya kusini yenye makuba. Vipimo vikitofautiana, jiulizeni kama sehemu zote mbili zilijengwa wakati mmoja. Vigae mnavyovikanyaga viacheni palepale. Kigae kikihamishwa hakimwambii tena mtafiti kilikuwa wapi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki hayo.

Mkiwa mmesimama msikitini, someni alichosema Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331: mji ni mzuri, na wote umejengwa kwa miti, mapaa ni ya majani. Mbele yenu kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine za zamani kuliko safari yake. Msikimbilie kusema mzee alidanganya. Ulizeni alisimulia lini (zaidi ya miaka 20 baadaye, Morocco, mwandishi mwingine akinakili). Ulizeni watu wengi wa mji walilala kwenye nyumba za aina gani, na nyumba ya miti na udongo huacha nini ardhini. Ulizeni pia kitabu kilinakiliwa kwa mkono mara ngapi kabla ya kutufikia.

Maswali hayohayo yapelekeni Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkeno ya mlima Vesuvius mwaka 79 BK. Tarehe tuliyoizoea, 24 Agosti, inatoka kwenye barua ya Pliny Mdogo, Mrumi aliyeushuhudia mlipuko huo, kama ilivyohifadhiwa na wanakili. Mwaka 2018 yakapatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba. Hayataji mwaka, lakini wataalamu wanaoona kuwa mkaa hufutika upesi huelekea kwenye Oktoba. Jibu zuri la insha halisemi tu "Agosti" au "Oktoba". Linataja ushahidi wote, linaeleza udhaifu wa kila mmoja, kisha linachagua.

Kosa linalotuuma zaidi watu wa pwani ni kuhusu Rhapta, soko la mwisho la Azania (jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki) katika mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 BK, ambako pembe za ndovu ziliuzwa na vyombo vilishonwa kwa kamba. Kila mtu angependa iwe kwao. Mahali pake hapajathibitishwa. Kwenye insha iandike kama soko la pwani ya Afrika Mashariki, uishie hapo.