Kabla ya kupeleka miche mlimani, chimba mashimo manne

Nilipoanza kazi ya bustani ya miche hapa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, nilipandisha miche 200 ya mkulo, mti wa msitu wenye mvua, kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi, ule unaotazama bonde la Mkomazi. Kitabu nilichosoma kilisema upande wa kaskazini wa mlima ndio wenye ubaridi na unyevu. Kufika Septemba nilikuwa na vijiti 200. Nikalaumu mbegu, nikamlaumu aliyemwagilia, hata mbuzi wa jirani.

Kitabu kile kiliandikwa Ulaya. Kule jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima, kwa hiyo kaskazini ni kivulini. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linatupita utosini, mara huku mara kule. Kwetu swali la kwanza ni upepo wa mvua unatoka wapi. Unatoka Bahari ya Hindi. Miteremko ya Usambara inayotazama mashariki na kusini inaupokea. Ya magharibi inabaki na mabaki. Wasambaa waliligawa jambo hili zamani kwa maneno mawili tu: shambaai, yaani milimani penye mvua, na nyika, yaani tambarare kavu ya chini. Kilimanjaro nako ni hivyo hivyo: upande wa Marangu, kusini-mashariki, una mvua na mikulo, upande wa kaskazini ni mkavu, na huko utakuta mwangati, mti unaovumilia ukavu.

Sasa, kama una eneo lako la kupanda, usiniamini mimi. Chimba. Ukiwa ndani ya hifadhi, pitia kwanza ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, uombe kibali.

Chagua kimo cha chini na cha juu, kwa mfano mita 1,700 na 2,100, kisha chimba shimo moja kwa kila kimo upande wa mvua, na mawili kama hayo upande mkavu. Simu inatosha kwa dira na kimo, ingawa kimo chake huweza kukosea kwa makumi ya mita. Mashimo yote yawe katikati ya mteremko, penye mwinuko unaolingana. Ukichimba bondeni utapima udongo uliosombwa kutoka juu, halafu utausifu mlima bure. Fanya yote katika wiki moja, na usiende kesho yake baada ya mvua kubwa.

Kabla ya jembe kugusa chini, chomeka rula kwenye majani yaliyoanguka usome unene wake. Kisha chimba sentimita 50, ukate ukuta mmoja wima na kuusafisha kwa kisu. Pima tabaka jeusi linaishia wapi.

Kwa kawaida mashimo ya juu yatakuwa na weusi mrefu zaidi. Kila mita 100 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya mashimo yako kuna tofauti ya zaidi ya nyuzi 2. Minyoo, kuvu na bakteria wanafanya kazi polepole, majani yanalundikana kabla hayajaoza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaona weusi wanasema rutuba. Chakula kingi humo bado kimefungwa ndani ya majani. Na ukifyeka msitu jua likapiga, mboji ile inaisha upesi, unabaki na udongo mwekundu wa Usambara, mzee, uliochujwa na mvua kwa muda mrefu mno. (Usilinganishe na mashimo ya Marangu. Ule ni udongo wa volkano, una tabia zake.)

Kupima tindikali, changanya kijiko kimoja cha udongo na viwili na nusu vya maji ya betri, yaani maji yale safi, siyo asidi! Koroga, acha nusu saa, chovya karatasi ya kupimia pH: namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi. Upande wa mvua, juu, nimewahi kusoma 4. Upande mkavu nilisoma karibu 6, kwa sababu huko mvua haijasomba kalisi, magnesi na potasiamu, madini yanayopunguza tindikali, kwa kiasi kile.

Unyevu ni rahisi. Pima gramu 100 za udongo wa kila shimo, anika kwenye gazeti siku tatu, pima tena. Kilichopungua ni maji. Ningefanya hivi tu kwanza, mikulo yangu isingekufa. Upande ule siku hizi napeleka mwangati.

Ukimaliza fukia, usiache shimo likavunja mguu wa mtu. Wekundu utangulie chini, weusi juu yake, majani mwisho.